Anaongea Mbele Yangu Akidhani Simwelewi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu kabla ya Ijumaa, maana jambo hili nimelianzisha kwa mdomo wangu mwenyewe na sasa limenikaa kooni. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, nilikuja huku ughaibuni miezi mitano iliyopita kusomea upimaji wa ardhi, na kabla sijapanda ndege kaka yangu aliyewahi kusoma nje alinikalisha chini akaniambia, "Ukifika kaa mbali na watu wa nyumbani, changamana na wenyeji, ndiyo utaishika lugha yao," nami kaka yangu namwamini kupita kiasi, nikalibeba neno lake kama lilivyo.

Nilipofika nikaanguka mtihani wa lugha, mshauri, na siyo kwa alama moja wala mbili, wakaniweka darasa la wanaoanza, nyumbani nikawaambia nimefaulu, na wiki ileile akahamia kwenye ghorofa yetu msichana anayesomea uuguzi, ambaye tunatumia naye jiko moja, akanikuta nasubiri maji yachemke, akanitazama, akatabasamu, akaniuliza, "Samahani dada, wewe si wa kwetu kweli?" Nikaingiwa na hofu. Niliona habari zangu zikimfikia mama hata chai haijapoa, basi nikatikisa kichwa nikamjibu kwa ile lugha yangu ya kuungaunga kwamba sielewi, natoka nchi nyingine kabisa, naye akaomba radhi akarudi chumbani kwake.

Nilidhani yameisha. Kumbe chumbani kwake mtandao haushiki, unashika jikoni tu, na kila Jumamosi mchana anakuja, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari na kuongea na dada yake kwa sauti ya juu bila kificho, kwa sababu aliyeko jikoni ni mimi tu, na mimi kwake ni sawa na sufuria. Mwanzoni nilifurahi, niseme ukweli, maana ana mdomo huyo, alimsema mlinzi wa mlangoni na masharubu yake mpaka nikaingiza kichwa kwenye friji nisionekane nacheka, na siku nyingine akamwambia dada yake, "Huyu jirani yangu wali unamshinda, leo tena kapika uji, lakini ana roho nzuri maskini," nikameza tu, siwezi hata kuutetea wali wangu. Baadaye vicheko vikapungua. Nikasikia mambo ya baba yao wa kambo ambayo mtu hamwambii asiyemjua, nikasikia jinsi wagonjwa wodini wanavyoomba waitiwe muuguzi mwingine kwa sababu hawaelewani naye, na yote hayo nayasikia nikiosha sahani ambayo ni safi tayari, ningeweza kuondoka lakini sikuondoka, kwa sababu na mimi nilikuwa na kiu ya kusikia watu wakiongea kama nyumbani.

Jumamosi iliyopita alimwambia dada yake kwamba Ijumaa hii anatia sahihi fomu ya kuacha masomo, mama yao asiambiwe mpaka yeye mwenyewe atakapofika nyumbani. Dada yake akalia, naye akasema, "Masomo hayajanishinda. Nimechoka kunyamaza." Mimi nilikuwa nakata vitunguu, machozi yananitoka, akaniona, akanipa karatasi ya kujifutia, akanisemesha polepole kwa lugha ya hapa kama unavyomsemesha mtoto, kisha akaigeukia simu: "Hata huyu ningemweleza, ana sura ya mtu wa kusikiliza. Ila ningemweleza kwa lugha gani?"

Mshauri, najuta mpaka chakula hakipiti. Nimefikiria nimpenyezee kikaratasi chini ya mlango bila jina, au nijifanye nimeanza kujifunza Kiswahili kwenye simu, kidogo kidogo, mpaka tuweze kuongea. Nikisema ukweli atajua kwamba nimemsikiliza miezi yote hii, nikinyamaza anaondoka. Nifanye nini?

Bubu wa Jikoni

*

Mwanangu Bubu,

Barua yako nimeisoma Jumatano asubuhi na nimekujibu hapohapo kwa barua pepe. Wasomaji wengine wataikuta gazetini, lakini wewe huna muda wa kusubiri gazeti.

Pole. Hiyo ndiyo pole yako, ishike vizuri, leo sina nyingine.

Kujifanya unajifunza Kiswahili! Ungeanza kwa kumwuliza habari za asubuhi, na kabla hujafika habari za jioni mwenzako yuko kwenye ndege. Hicho kikaratasi nacho kichane. Mtu aliyechoka kunyamaza unataka kumpelekea maandishi yasiyo na mwenyewe?

Na kaka yako mwache apumzike. Alikutuma ukajifunze lugha, hakukutuma umkane mtu aliyekuita dada. Ulichokiogopa ni ule mtihani. Kwa ajili ya alama za karatasi mmekaa wawili kwenye jiko moja, kila mmoja na upweke wake, na ni mmoja tu kati yenu aliyejua kwamba haikuwa lazima. Hilo ndilo linalokuuma, na ni haki likuume.

Sasa sikiliza. Usimngoje Jumamosi jikoni. Leo akirudi kutoka wodini, mgongee mlango. Usibebe chakula, na hasa usibebe wali. Mwite kwa jina lake, ulitamke kama dada yake anavyolitamka, kisha umwambie: "Mimi ni wa kwenu. Nakuelewa tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya." Sababu zisubiri mpaka aziulize. Mwambie umesikia yote, na ya baba wa kambo yamo, na kama kuna mtu uliyemsimulia, mtaje. Halafu mpe siri yako ya mtihani aishike, maana wewe umezishika zake nyingi mno bila ruhusa. Ukitoka hapo mpigie mama yako umwambie ulianguka. Mama hafi kwa habari hiyo.

Usimwombe abaki. Fomu ni yake na maisha ni yake, na huenda Ijumaa akatia sahihi vilevile. Ikiwa hivyo, utambebea begi mpaka uwanja wa ndege, akikukubalia, na utarudi peke yako. Siwezi kukuahidi kwamba hujachelewa.

Atakasirika, hilo nakuahidi. Atakusema mpaka utamani ungekuwa huelewi kweli. Usimkatize, usijitetee, usikimbilie kulia. Amekaa miezi akitafuta mtu wa kumwambia yaliyo moyoni kwa lugha yake. Simama hapo mlangoni umsikilize, na safari hii, kila akikuuliza swali, mjibu.