Kofia Chini ya Giaboksi

Fundi wangu Salimu,

Mola alinawirishe kaburi lako. Ni mimi Shee, mwanafunzi wako niliyekushinda maneno, nisikushinde kazi. Nakuandikia kwa sababu hili hapa Bondeni sikuwa na wa kumwambia akaniamini.

Gari lako la kijani, lile lililoundwa kabla mimi sijazaliwa, lilianza kuvuja mafuta ya gia punde tu tulipomaliza arubaini yako. Tone baada ya tone, pale mlangoni, mpaka mkeo Bi Zuhura akachoka kumwaga mchanga. Akaniita. "Shee, tengeneza. Nikiona tone jengine namwita yule bwana wa Tudor, alinunue alikatekate vyuma." Niliona kama wewe wazikwa mara ya pili.

Nikamwambia asitie shaka. Sili ya nyuma ya giaboksi, ile inayoshika shafti mafuta yasitoke, si niliitia mimi mwenyewe zamani, wewe ukiwa safarini Lamu? Hadithi yajulikana mji mzima. Niliitia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha kahawa, giaboksi imenilalia kifuani, na kahawa haikumwagika. Kila nilipohadithia wewe ulinyamaza ukivuta tasbihi. Mimi nikadhani wanionea wivu.

Basi nikaingia chini ya gari, watoto wa ndugu yangu wamejaa barazani kutazama. Nikashusha shafti, nikang'oa sili kuukuu, nikagonga mpya mpaka ikalingana na ukingo wa tundu lake. Nikamaliza kwa desturi yako: nikavua kofia yangu nyeupe nikaitandika chini ya giaboksi mpaka asubuhi. "Fundi anayeihurumia kofia yake asishike gari la mtu," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Na ikidondokewa na mafuta, wewe uliivaa vivyo hivyo msikitini Ijumaa, watu wakuone.

Asubuhi kofia ina doa pana kama kisahani. "Ami Shee, naona leo kahawa imemwagika," wakasema wale watoto. Bi Zuhura akachukua simu yake. Nikamwomba siku moja tu.

Nikarudi chini, safari hii kimya. Nikaipangusa shafti, nikapitisha ukucha. Fundi, palikuwa na mikwaruzo miwili imeizunguka. Mmoja usawa wa ukingo, sili ya kwanza ilipokuwa ikisugua tangu gari jipya. Wa pili uko nje kidogo, kadiri ya upana wa ukucha. Kumbe sili niliyoing'oa haikugongwa mpaka ukingoni. Iliachwa nje makusudi, ili mdomo wake ukamate chuma kizima kisicholika.

Hila hiyo ni yako. Ulinifundisha miaka miwili baada ya safari ile ya Lamu. Siku ya kikombe cha kahawa sikuijua.

Nikabaki nimelala pale, spana kifuani. Uliporudi ulikuta kazi yangu inavuja. Ukaingia chini peke yako, ukaifungua, ukaitia upya, ukanyamaza. Na vile vitone viwili nilivyopiga siku ile kwa patasi kwenye giaboksi kuwa alama yangu, uliviacha. Chako hukuweka. Miaka yote hiyo najisifia mikono yako, nawe umekaa ubavuni mwangu wanimiminia kahawa. Nani mwengine angeweza? Mimi nisingeweza hata wiki.

Machozi yalinitoka. Kutu nayo ilikuwa nyingi, lakini haikuwa kutu.

Sili nyengine niliizamisha ndani, kuupita mkwaruzo wa kwanza. Hiyo hukunifundisha, nimeibuni mwenyewe, na hili ni kweli. Nikatandika kofia ya pili. Siku tatu, nyeupe pepepe. Bi Zuhura amemwambia bwana wa Tudor atafute chuma kwengine.

Ijumaa nilivaa ile yenye doa. Baada ya swala nikakaa barazani nikawaambia wote, neno kwa neno, sili ile ilikuwa kazi ya nani. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wasema katika uongo wangu wote, huu ndio mkubwa, ati Shee amekosea.

Wacha wacheke. Nitaihadithia hivi hivi mpaka waiamini, na gari lako nitalitunza. Pale kwenye giaboksi, mbele ya vitone vyangu viwili, nimepiga kimoja. Ni chako.

Lala salama, Fundi.

Shee wako