Maji ya Uani Kwetu

Saiq, Al Jabal al Akhdar
9 Januari 1984

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Kaka Hamdun ameshakutengenezea pampu ya kisima? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila baridi ya mlimani mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Najua unangoja jawabu langu kabla ya kumtuma Hamdun Alhamisi aje anitoe kwa mume wangu anirudishe kwako. Soma mpaka mwisho kwanza.

Niliyokwandikia mwezi uliopita sikuyatia chuku. Thuwaini alianza kwa kamba na vigingi. Kila akirudi kazini, kituo cha hali ya hewa, anapita uani bila ya kuvua koti na kupima: hatua kumi na mbili urefu, mbili upana. Mimi niko dirisha la jikoni, nahesabu. Nikajiambia, huu ni msingi wa chumba, na chumba kina mwenyewe: mke wa pili. Nilipomuuliza, akasema nitaona baridi ikikaza. Jawabu gani hilo kwa mke?

Halafu akaanza kwenda kwa Ghalia, jirani yetu mjane mwenye makomamanga. Mara tatu wiki moja! Alidai anaomba zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa kijiji, kwa kuwa miti imelala na haina kiu. Mimi nikamwona Ghalia anacheka mlangoni, kajiziba mdomo kwa mtandio. Leo anagawa maji, kesho atagawa nini?

Mara kiatu changu cha kulia kikapotea. Nilipekua nyumba nzima. Siku hiyohiyo Thuwaini alikuwa ameshuka Nizwa, na kutoka Nizwa hadi Bahla si mbali, na wewe unajua watu wanavyosema ya Bahla na wachawi wake. Kiatu cha mtu kina jasho lake. Nikakupelekea habari na dereva, nawe ukaniletea gunia la chumvi na maagizo: niimwage uani magharibi tatu, nisome Ayatul Kursi, na nisifanye uchoyo.

Wallahi sikufanya. Alipopanga mawe, akatandika turubai ndani yake na kufungulia maji ya Ghalia, kina cha vidole viwili, nikaona hapo ndipo penyewe. Magharibi tatu nilimwaga chumvi humo majini mpaka gunia likabaki la kukung'uta.

Asubuhi tatu, baada ya sala, nilimkuta kachutama ukingoni anachovya kidole. Ndoo ya mbuzi imeganda, bomba limeganda, maji yake yanacheza. Alipima kwa vipimajoto viwili, akaandika, akafuta. Siku ya tatu, ndiyo jana, akasema labda elimu yake yote imeshamtoka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaingia stoo, akatoa kasha, akaniwekea mapajani.

Ndani mlikuwa na kiatu changu, na jozi mbili mpya zenye chuma chembamba chini ya soli. Mhunzi wa Nizwa alichukua kipimo kwenye hicho changu. Thuwaini akanieleza kuwa miaka sita aliyosoma Urusi, kila baridi wenzake walimwaga maji uani, yakaganda, wakashindana mbio za kuteleza juu yake kwa viatu kama hivi, na yeye kila mara alitamani ningekuwepo. Alitaka tushindane sisi wawili, ndani ya ukuta wetu, pasipo mtu wa kunitazama.

Nililia, Mama, nikamwambia yote: msingi, Ghalia, Bahla, gunia. Nilidhani atacheka, maana maji ya chumvi kugoma kuganda ndiyo elimu yake. Hakucheka. Aliuliza tu namdhania tangu lini. Nikasema tangu Novemba. Akasema kule Urusi alikaa miaka sita mbali nami na sikumshuku hata siku moja. Hapa tumetengwa na dirisha tu. Leo kaenda kazini bila ya chai.

Nimeliosha turubai mara nne. Nimekwenda mwenyewe kwa Ghalia kuomba zamu yake. Akanambia siku ile alicheka kwa sababu Thuwaini alimwapisha asinitobolee siri. Maji yameshaingia. Viatu nimevivaa hapa ninapoandika, nimekaa chini kwa kuwa sijui kusimama navyo, namngoja arudi anikute hivi.

Usimtume Hamdun. Msalimie, na majirani wote wa Ibra. Na chumvi, Mama, nakuomba, usilete tena hata ya kula.

Mwanao akupendaye,
Shukriya