Mshenga Aliyeanza na Kasoro

Mjukuu wangu Nasra,

Hapa Al Warqa sote wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, nyumba nzima yanukia udi.

Umeniuliza kuhusu yule wakili wa Kimarekani wa karne ya kumi na tisa unayemsoma huko chuoni, yule aliyekuja kuwa mbunge: kwa nini alianza kwa kuieleza mahakama udhaifu wa mteja wake mwenyewe? Sheria siijui, lakini mshenga namjua.

Siku ya posa yangu nilijibanza nyuma ya pazia, nasikiliza. Washenga kazi yao kupamba tu. Huyu wetu, kabla ya sifa hata moja, akamwambia baba, "Sheikh, kijana wangu anakoroma. Majirani wanamsikia."

Baba alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. "Haya, sasa nipe sifa zake," akasema, "maana nitaziamini."

Nami nyuma ya pazia, bila kuulizwa, nikapaza sauti: "Nimekubali!"

Babu yako amelala chumba cha pili saa hizi, namsikia hadi huku. Miaka yote hii sijapata usingizi wa maana, Nasra, lakini hata siku moja sijasema nilidanganywa.

Bibi yako akupendaye