Kuku Uliyeniachia Stesheni

Yaya, dada yangu mkubwa wa ukuta mmoja,

Nakuandikia bila kujua barua hii itapita njia gani. Tangu treni yenu iondoke Likasi kwenda Kasai sijapata hata salamu. Kila anayefika kutoka huko namuuliza habari zenu.

Unakumbuka stesheni? Mlikaa juu ya magodoro yenu, na watu mliosali nao parokia moja wakapita wakiwaambia rudini kwenu. Ati kwenu ni Kasai, walikotoka wazazi wako; wewe, uliyezaliwa hapahapa mtaani Panda! Ukatoa kifaranga kikapuni, manyoya nusunusu, miguu ya kijivu. Hata pale ulinitania: "Usiipike, weye mulafi. Kama inalalia mayai, mutoto yake moya ni ya miye. Nitakuya kuikamata."

Ndiyo desturi yetu, anayemfugia mwenzake hugawana naye vifaranga. Lakini hukusema ni kuku wa aina gani, na mimi sikuuliza. Baba watoto alimgeuzageuza akasema, "Iyi ni ya ferme, kuku ya kizungu. Itataga, lakini haiyue kulalia." Nilikosa raha. Kama ni kweli hajui kuatamia, utarudi kuchukua nini? Kila asubuhi nikamkagua kishungi, kucha, miguu. Leo namwona wa kienyeji, kesho namwona wa kizungu mtupu. Kazini mshahara hauji, baba watoto akaanza kumtazama kwa jicho la sufuria, tukagombana.

Mama aliyehamia nyumba yako alichungulia uani akaniuliza, "Kuku yako ni ya wapi?" Aliuliza kwa wema tu. Lakini swali hilo ndilo lililokupandisha treni.

"Ni ya hapa," nikamwambia.

Kuku akakua, akapandwa na jogoo wa jirani, akaanza kutaga. Mayai niliyaacha yote chini yake, watoto wakininung'unikia kwa njaa, nami nikiogopa kwamba nawanyima bure. Jana nilipotia mkono akanidonoa mpaka damu. Hakuinuka. Alikuwa amejivimbisha, na chini yake joto. Nikakaa sakafuni nikalia. Analalia, yaya! Ni wa kienyeji.

Sasa nina hofu mpya. Vifaranga vitatoka, vitakua, na watoto wangu wana njaa. Kimoja ni chako, lakini sijui ni kipi, na sitakuchagulia. Basi sitapika hata kimoja. Fanya haraka, yaya, uje ukamate chako.

Mdogo wako, upande wa pili wa ukuta