Hema la Etiye Yeshimebet

Zinash, uko? Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha idiri, chama chetu cha kuzikana.

Mume wa Etiye Yeshimebet kafariki alfajiri. Kaja mwenyewe kuomba hema na masufuria ya msiba. Yeye! Mwenyekiti wetu, Etiye, dada mkubwa wa mtaa mzima, miaka thelathini na moja anazika watu wa mtaa huu bila malipo!

Tiruwerk, katibu wetu, akainuka na daftari la mahudhurio. "Etiye, umekosa misiba mitatu. Aliyekosa mitatu hapewi hema. Si kanuni yako mwenyewe?"

Mitatu, shoga! Alikuwa kalazwa, nyonga imevunjika!

Nikajua atalia. Wapi! Akasema, "Baba yako alipokufa nilikunyima kwa kanuni hiyohiyo, Tiruwerk. Una haki. Tupige kura. Wanaokataa nipewe hema, mikono juu."

Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja. Kila mtu anajua Tiruwerk ndiye mwenyekiti ajaye. Na mama yangu unajua yuko kitandani, daktari kashakata tamaa. Kesho nitamwomba nani hema?

Nikanyoosha.

Sasa, anayehesabu kura ni mwenyekiti. Akapita safu kwa safu na mkongojo wake, anahesabu kwa sauti. Zinash, huyu ndiye aliyekesha jikoni kwetu siku tatu tulipomzika baba.

Akafika kwangu. Akasimama. "Kumi na tisa."

Mkono wangu ukaganda huko juu. Akaushika, akauteremsha taratibu mpaka mapajani.

"Ushushe, mwanangu, utachoka. Nimeshauhesabu."