Bundi Uliyenikataza Kumfukuza

Tlawi, Mbulu
9 Juni 2003

Mjukuu wangu Judica,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba, ingawa imechelewa kama kawaida yako. Ng'ombe amezaa jike. Baridi imeunguza maharage.

Picha ya bundi nayo imefika. Ni nzuri, lakini nani alikufundisha kumlisha ndege huyo panya siku nne ili atulie umpige picha? Mimi nilishachukua kijinga cha moto jikoni nimrushie, kama mama yangu alivyofanya. Ukanishika mkono: "Bibi, usimfukuze, niahidi." Nikaahidi, na mimi sivunji neno. Lakini nilikuambia, bundi akizoea nyumba haondoki peke yake. Ukacheka.

Tangu uende hajarudi msituni. Anakaa mchana kweupe kwenye mti wa dirishani kwa babu yako, anatazama ndani. Halii. Nilimwekea panya, hakugusa. Juzi babu yako, na kifua chake kile, akaniuliza, "Huyo mgeni mbona humkaribishi?" Nikamwambia anyamaze, anywe uji.

Leo kumekucha, bundi hayupo. Babu yako hukohoa kabla jogoo hajawika, lakini leo sijamsikia. Uji wake nimeupasha mara mbili, umepoa mara mbili. Nimekaa hapa nje nakuandikia kwanza, maana nikishaingia chumbani sitaweza kukuandikia bila kukutukana.

Njoo. Kamera iache hukohuko.

Ni mimi bibi yako niliyetimiza ahadi,
Kornelia