Mechi ya Marudiano ya Baba Constance

Mtaa wa Kenya, Élisabethville
Tarehe 14 Juni 1953

Mpendwa Shemeji Casimir,

Pokea salamu za nyumba nzima. Je, kifua chako kimetulia huko Bukama? Na Mama Hortense, mguu wake unaendeleaje? Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetukausha midomo. Mwili wangu ni mzima. Kichwa ndicho kinaniuma, na anayekiumiza ni mdogo wako, Baba Constance.

Constance amepata mchumba. Ni Rigobert, fundi wa karakana, kijana mpole, anasali, hanywi. Padri ameshawatangaza kanisani. Kazini amewekewa nyumba ya matofali kama atafunga ndoa kabla ya mwezi kwisha. Asipofunga, nyumba atapewa mwingine, naye Rigobert atabaki kulala na makapera. Ungesema tushangilie, sivyo? Lakini Rigobert ni mtoto wa Kapya. Ndiyo, Kapya yule yule.

Unakumbuka, mwaka wa thelathini na nne Baba Constance alikuwa bingwa wa ndondi wa mji mzima wa weusi, Kapya akamnyang'anya ubingwa kwa pointi moja. Marudiano yakatangazwa, mvua ikayazuia, halafu vita, halafu uzee. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, mabingwa hawa wa zamani wanapigana mechi hiyo kwa mdomo kwenye baa, na watu wazima wenye akili zao wanakaa kuwasikiliza.

Jumamosi ya tarehe sita Kapya alikuja kuleta mahari. Nilikuwa nimechinja kuku wawili. Akafika kwenye ua, akauliza kama mwenzake yuko ndani. Mdogo wako aliposikia hivyo, akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka, akatokea barabarani. Eti ulingoni mpinzani huingia kwanza, bingwa huingia wa mwisho, na yeye pointi ile aliibiwa. Kapya naye akasema bingwa ni yeye. Wakasimama pale nje mpaka bukari niliyosonga ikapoa ikawa jiwe na wageni wakaaga. Constance, ambaye alikuwa amevaa kikwembe kipya, alikusanya sahani moja moja, akaenda kuziosha. Hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Na mechi yenyewe ingekuwaje? Acha nikuambie mimi, maana magoti ya mume wangu nayakanda mimi. Raundi ya kwanza wangezungukana tu, na kabla ya kengele Kapya angekuwa anatafuta pumzi. Kazi ya tanuru imemla mapafu. Raundi ya pili ngumi ya kulia ya Kapya ingemfikia mdogo wako bila yeye kuiona, kwa sababu jicho lake la kushoto halioni tena. Anatuficha, nasi tunajifanya hatujui. Kapya anajua vizuri: wakitembea pamoja hukaa upande huo huo wa kushoto, amwonyeshe shimo lilipo, huku wakigombana. Sasa niambie, hapo nani angempiga nani? Raundi ya tatu wangeketi chini wote wawili, nasi tungewabeba kama magunia.

Jana nilimwambia mdogo wako hayo yote, maana nilikuwa nimechoka. Nilidhani atafoka. Akaweka kikombe chini, akasema polepole: "Siku ile tutapokea mahari, miye na Kapya tutakuwa bakwe. Mukwe, hauwezi kumupiga. Mechi yetu njo itakufa."

Nikamuuliza mechi gani, na ngazi za kanisa zinamshinda.

"Niko najua," akasema. "Lakini mu maneno, niko naweza bado."

Shemeji, nilikasirika na nikamhurumia, vyote pamoja. Lakini siwezi kumfungia binti yangu nyumbani ili mechi ya wazee iendelee kuishi.

Ndiyo maana nakuomba upande treni ya wiki hii. Wewe ndiye mkubwa. Ukipokea mahari kwa mikono yako, hakuna wa kubisha. Uketi ndani mapema, na wao waingie wanavyotaka, hata dirishani. Ila wakianza kugombea ile pointi moja, tafadhali usiwanyamazishe.

Nisalimie Mama Hortense, Alexis na mkewe, na Wivine na watoto wake. Mungu akulinde njiani, awape watoto wetu nyumba yao, na sisi wengine atupe masikio ya kuvumilia.

Shemeji yako akupendaye,
Germaine